Natafuta kitabu cha picha kisichoishia kwenye "Amina"

Mama wa Kigango (mwanzisha mada)

Kamwene, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwalimu wa Utoto Mtakatifu, lile shirika la watoto Wakatoliki, katika kigango kimoja huku Kilolo, Iringa. Padre tunamwona mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine ni katekista na ibada bila padre, na mimi nabaki na wadogo nyuma ya kanisa. Wakijaa ni 34, wa miaka 4 hadi 7. Mabenchi ni matatu, waliochelewa wanakalia mawe.

Niseme kwanza nilichonacho, msije mkanirudisha nilikotoka. Nina Biblia moja ya picha, jalada lake nimelishona kwa uzi wa gunia. Nina na kitabu kimoja cha Kiingereza cha kufundisha watoto kusali, kilitoka kwenye sanduku la vitabu walivyotuachia wageni. Picha zake ni nzuri mno. Mtoto amepiga magoti kando ya kitanda, shuka jeupe, dirishani theluji inaanguka. Huwa nakiinua juu na kutafsiri papo hapo. Siku ya kwanza tu binti wa benchi la mbele akaniuliza, "Mwalimu, anasalia kitanda?"

Nilicheka, lakini hebu itazame picha hiyo kwa macho yake. Hakuna msalaba, hakuna mtu mwingine, kuna mtoto na kitanda. Kwao yeye wanalala watoto wanne kitanda kimoja, na kati ya kitanda na ukuta hapapiti hata goti.

Hilo hata hivyo si tatizo langu kubwa. Tatizo ni mwisho wa kitabu. Kila ukurasa mtoto anaomba: mbariki mama, mbariki baba, mbariki mbwa wetu, wakumbuke watoto wasio na chakula. Ukurasa wa mwisho, Amina. Taa imezimwa, mtoto kalala, na wale wasio na chakula ndiyo basi tena, tumeachana nao kule ukurasa wa kumi na kitu.

Mwezi wa sita mwaka huu, baridi imetukaba, tulikuwa na maombi ya watoto. Kila mmoja anamtaja mtu na kumwombea, wenzake wanaitikia "Ee Bwana, utusikie". Kijana wa miaka 6 akasimama, sauti nzuri, mikono imekutana vizuri kama kwenye kile kitabu, akasema, "Mungu, mpe Zawadi viatu." (Zawadi si jina lake.) Tukaitikia. Kabla sijamwita wa pili, jirani yake akapaza sauti: "Mwalimu, huyu ana pea mbili!"

Kimya. Mshtakiwa akajitetea, "Moja ni ya Jumapili."

Zawadi mwenyewe alikuwa palepale, benchi la pili, miguu kaivuta chini ya sketi.

Viatu havikutolewa, msisubiri ushuhuda. Zawadi alirudi kwao na ndala zake. Na mimi sikumkemea yule kijana, maana ningemkemea kwa lipi? Nimemfundisha mwenyewe, kwa picha, kwamba sala inakwisha kwa Amina na kulala. Tena kwenye Waraka wa Yakobo sura ya 2 ameandikwa mtu wa namna hiyohiyo, anayemwambia mwenzake asiye na nguo aende salama, akaote moto, ashibe, na mkononi hampi kitu. Nikiusoma mwezi wa sita huku kwetu, hilo neno la kuota moto huwa linanichoma.

Na wenzangu wa Utoto Mtakatifu mnajua tulikotoka. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1843, aliwataka watoto vitu viwili tu: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Hakusema sala halafu, ukipenda, sarafu. Aliviweka pamoja tangu mwanzo. Sisi vitabuni tumebaki na kimoja.

Kwa hiyo naomba: yupo anayekijua kitabu cha picha cha Kiswahili, maneno machache, watoto wanaofanana na hawa wangu, ambacho baada ya Amina kuna ukurasa mwingine? Picha zionekane kutoka benchi la nyuma. Kikiwa cha dhehebu jingine sina neno, hata cha dini nyingine nitajifunza.

---

Mpenda Maktaba

Dada, umefika maktaba ya mkoa hapo mjini? Wana upande wa watoto. Pia Biblia ya picha uliyonayo si ina Msamaria Mwema? Luka 10, yote unayoyataka yamo.

---

Mama wa Kigango

Nilifika, ndugu yangu, na wahudumu walinisaidia kweli. Vitabu vya Kiswahili vya sungura na fisi nilipata, vizuri. Vya huruma vilikuwepo viwili vitatu. Vya sala na huruma pamoja ndivyo sikuona.

Msamaria ninaye, na wanampenda kwa sababu ya punda. Ila niliwauliza Msamaria ni nani, wakanijibu "mtu wa zamani mwenye kilemba". Kwao ni mambo ya watu wa vilemba. Na ukiangalia vizuri, katika habari ile waliozoea kusali ndio waliopita kando! Kuhani na Mlawi. Hiyo nayo sijui nitaichoraje mbele ya katekista.

---

Maalim wa Tanga

Assalaam aleikum kwa Waislamu, na kwa wengine wote habari zenu. Mwalimu, nimeisoma mada yako nikaona unanisema mimi.

Nafundisha chuo cha Kurani, watoto wa umri huohuo, baada ya alasiri. Sisi tuna sura fupi ambayo kila mtoto wa chuoni anaihifadhi mapema, Al-Maun, aya saba. Inaanza na anayemsukuma yatima na asiyehimiza maskini alishwe, inafika kwa wanaoswali huku wameghafilika na swala yao, inamalizia na wanaozuia vitu vidogo vidogo vya kusaidiana. Swala na jirani katika pumzi moja. Watoto wanaisoma kwa tajwidi safi, kila herufi mahali pake, na nje ya mlango wanasukumana hadi yatima wetu anaanguka. Kwa hiyo yako ya viatu nayajua.

Kitabu kama unachotaka kwetu kina mtihani wake wa ziada. Mitume hatuwachori kabisa. Halafu baadhi ya wazazi hawataki mtoto aonyeshwe picha yoyote ya chenye roho. Mjadala huo una wenyewe, sitaufungua hapa, lakini mimi nafundisha watoto wa wazazi wote, lazima nitafute njia ambayo hakuna atakayemtoa mwanawe chuoni.

Njia niliipata ndani ya sura yenyewe. Lile neno la mwisho, "maun", wafasiri wa kale wanalitolea mifano: chungu, shoka, ndoo. Vitu ambavyo jirani anakuja kuazima. Nikasema alhamdulillahi, hivi vyote havina roho! Nikachora kwenye karatasi kubwa. Ukurasa wa kwanza msala wa kuswalia umetandikwa. Wa pili ndoo iko kisimani. Wa tatu mlango umebishwa, unaona kivuli tu chini ya mlango. Wa nne ndoo haipo kisimani. Wa tano msala umekunjwa na ndoo iko mlango wa jirani, imejaa. Hakuna mtu hata mmoja, na watoto wanaisimulia bila kuulizwa. Tena kila mmoja anamtaja jirani wa kwao kwa jina.

Kisa kingine ambacho hakijawahi kuniangusha ni cha yule mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani, akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili mikono ipande, akamnywesha. Allah akamsamehe madhambi yake. Kimo katika Bukhari na Muslim, vile vitabu vikuu vya hadithi za Mtume. Huku kwetu kisa hiki kina makali kwa sababu watoto wa mtaani mbwa wanampiga mawe, na wanajua kwamba chombo alichokiramba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilipomaliza tu kusimulia, mmoja akainua mkono: "Maalim, kile kiatu alikiosha mara saba?"

Nikamwambia hadithi haikusema. Akafikiri, akasema, "Basi alikuwa na haraka ya mbwa."

Kiatu kwako, kiatu kwangu. Mwalimu, mchore mtu kapanda kisima na kiatu mdomoni. Picha hiyo haihitaji theluji.

---

Fundi Picha, Dar

Habari za humu. Nachora vitabu vya watoto, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo niongee ya ufundi, ya dini nimewaachia wenyewe.

Kwanza, mama, kununua kitu kamili kama unavyokieleza utangoja sana. Vipo viwanja viwili vya hadithi za bure mtandaoni: African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya Pratham Books, India. Vyote vina hadithi za picha za Kiswahili, unapakua na kuchapisha bila kumwomba mtu ruhusa, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Vya sala utapata vichache maana vimekusudiwa watoto wa kila dini. Vya huruma vimo vingi. Chukua hivyo kwa kuanzia.

Pili, tengeneza chako. Usiogope kurasa. Vitabu vya kiwandani mara nyingi vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa inatoa 16, na mbili ndizo 32. Wewe huna mtambo, una mikono. Hesabu yako iwe nne nne: karatasi moja ukiikunja katikati ni kurasa nne. Karatasi nne, kurasa 16, unashona kwenye mkunjo, umemaliza. Kwa watoto 34 usihangaike na vidogo vya kugawa. Fanya kimoja kikubwa, manila nzima nzima.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Katika kurasa 16, ukurasa wa 1 uko kulia, na kila namba witiri iko kulia. Ukurasa wa kulia ndio mtoto anaumaliza kisha anataka kufunua. Weka Amina yako kulia, ukurasa wa 7. Ukifunua unakutana na 8 na 9, ambazo katika kitabu cha kurasa 16 ndizo katikati kabisa, karatasi moja isiyokatwa, picha inatanda bila kugawanyika. Hapo usiweke neno hata moja. Picha tu.

Unaona kilichotokea? Amina imeangukia katikati ya kitabu. Mtoto anaona kwa macho kwamba kulia bado kuna unene wa kurasa. Huhitaji kumweleza.

Angalizo la mwisho: mistari minene, nyuso chache. Mwalimu akichora nyuso saba, sita zitafanana naye.

---

Baba wa Voi

Hamjambo. Mimi niko Voi, Kenya, si mwalimu wala si mchoraji. Nitasema jambo moja na huenda nikakasirisha mtu.

Kijana wangu ana miaka 8 na anatembea kwa magongo tangu alipoanza kutembea. Vitabu hivi vya sala na huruma tumeletewa vingi, vya kanisani, vya wageni, vya shule. Nimeanza kuvihesabu. Mtoto mwenye magongo yumo ndani, naam, hawamsahau. Yuko ukurasa ule wa kuombewa. Amekaa chini ya mti, wenzake wazima wamemzunguka, wamefumba macho. Hajawahi kuwa yeye ndiye anayeomba. Hajawahi kuwa yeye ndiye anayepeleka kitu kwa mtu. Mara nyingi hata jina hana, mwenye jina ni yule mwema.

Kijana wangu aliniuliza kama hicho ndicho kiti chake. Akimaanisha pale chini ya mti.

Kwa kweli huyu kijana ana roho ya kusaidia kuliko mimi. Jirani yetu mzee haoni vizuri, na ni yeye anayemsomea ujumbe wa simu jioni, anampigia na hesabu ya pesa asiibiwe. Hakuna kitabu kilichomchora hivyo.

Na huyo Zawadi wa kwako, mwalimu. Nimesikia habari za mwenye pea mbili na nimesikia habari zako. Zawadi ameficha miguu, ndiyo hayo tu tunayoyajua juu yake. Yeye siku hiyo alimwombea nani?

---

Mama wa Kigango

Baba wa Voi, hujanikasirisha. Umenikalisha chini.

Nimerudi kwenye daftari langu maana huwa naandika maombi yao. Zamu yake haikufika. Baada ya ile fujo ya viatu nilifunga mapema kwa Baba Yetu.

Maalim, shukrani za kiatu na za ndoo. Fundi, nimesoma ya ukurasa wa 7 mara tatu na nimekunja karatasi ya daftari kuhakikisha. Ni kweli!

Jumapili iliyofuata nilianza na Zawadi. Alimwombea ng'ombe wa kwao, ana kidonda.

Nipeni wiki kadhaa.

---

Mpenda Maktaba

Tunasubiri picha za ng'ombe.

---

Mama wa Kigango (wiki tatu baadaye)

Nimerudi na ripoti.

Nimenunua manila nne, nikazikunja, nikazishona kwa uzi wa kiatu (sikukusudia, ndio uzi pekee mnene uliokuwepo). Kalamu ya wino mweusi na mkaa. Kitabu kimekuwa kikubwa hadi inabidi watoto wawili wakishike.

Kisa nimetoa hukuhuku. Mtoto anayetembea kwa magongo, na jina analo, anapita kwa bibi jirani kila siku akienda shule na anaona moshi wa jiko lake. Siku moja ya baridi moshi hauonekani. Siku ya pili hauonekani. Jumapili kanisani anasimama: Mungu, bibi hana kuni. Ukurasa wa 7, kulia, Amina, kama fundi alivyosema. Anayeomba ni mwenye magongo na anayeona ni yeye. Wale wa pea mbili wako nyuma yake wanaitikia tu.

Kwa nyuso nimemwibia maalim. Nimechora migongo, mikono na miguu. Miguu mingine ina raba, mingine ndala, mingine mitupu, na sikuandika neno juu ya hilo.

Jumapili iliyopita nimekisoma. Nilipofika Amina, nusu ya darasa wakafanya ishara ya msalaba na wawili wakasimama kuondoka. Kweli! Walidhani ibada imekwisha. Halafu wale washika kitabu wakafunua wenyewe, maana walihisi uzito bado uko upande wa kulia.

Kurasa za 8 na 9: njia ya kwenda kwa bibi, watoto wamebeba kuni, moshi unapanda juu ya bati. Hakuna neno. Nikanyamaza kama nilivyoagizwa, na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi ngumu kuliko kuchora.

Kwanza walihesabu kuni. Kisha ugomvi ukaanza: huyu wa magongo atabebaje, na mikono yote miwili ina kazi? Mmoja akasema asibebe, awaonyeshe njia. Mwingine akakataa, kwa nini asibebe? Ni Zawadi aliyemaliza kesi. Akasema kuni anafungwa mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Tukakubaliana. Nikachukua mkaa nikamfunga kuni mgongoni palepale mbele yao, na kusema kweli picha imependeza kuliko mwanzo.

Yule kijana wa pea mbili alikuwa kimya muda wote. Nikadhani ana yake moyoni, nikajiandaa kuguswa. Mwishowe akainuka, akasogea hadi kwenye manila, akaikagua njia, akakagua mlango, akaniuliza:

"Mwalimu, bibi mwenyewe yuko wapi?"

Nikatazama. Mlango upo. Moshi upo. Kuni nimezichora moja moja, hadi magome. Bibi sikumchora.

Baba wa Voi, nakuona unatikisa kichwa, usiseme kitu.

Nikawaambia yumo ndani, anaota moto. Hawakuridhika. Wakasema atoke, awasalimie waliomletea kuni, tena bibi gani anapelekewa kuni na hasemi hata kamwene. Mmoja akasema atakuwa amechemsha viazi, awagawie. Kwa hiyo kurasa za 10 hadi 16 ni za bibi sasa, na mpaka leo ni nyeupe.

Fundi, hapa ndipo nimekwama. Bibi huyu akitoka mlangoni siwezi kumchora kwa mgongo. Nimejaribu uso wake mara nne nyuma ya kalenda na kila mara unatoka kama sufuria yenye macho. Unaanzia wapi, kwenye kilemba au kwenye kidevu?